Mtemi wa Ziada

*Ngome ya Montauvert, Siku ya Mtakatifu Martino, Novemba 1243*

Dada yangu Perronelle,

Nisamehe. Najua, miezi saba sijakuandikia, na barua yako ya Pasaka bado iko chini ya mto wangu, imeshalowa maziwa mara mbili. Kila nikishika kalamu mmoja analia. Nikimnyamazisha, nakuta pacha mmoja amempiga mwenzake na mwiko. Mabile anaota meno, na anayaota kama mtu mwenye kisasi na mimi. Juzi nilimwita kasisi wetu "Mama" mbele ya watu wote, na maskini akaitika.

Huko kwetu mnadhani mke wa mtemi anakaa kitini akipepewa. Nina watumishi kumi na wanne, na hakuna hata mmoja anayeweza kumlaza Mabile.

Sasa habari. Mavyaa wangu, Bi Ermengarde, mama yake mume wangu Aubri, ameleta mtawa anayeitwa Ndugu Foulques aandike ukoo wa watemi wa Montauvert kwenye gombo la ngozi refu kama ukuta. Litatundikwa ukumbini siku ya Krismasi. Majirani zetu wa Corvain walitundika la kwao mwaka jana, lina watemi watano, na tangu siku hiyo mavyaa hali akashiba. Kila mtemi anachorwa juu ya farasi. Ndugu Foulques hajui kuchora farasi. Wote wanafanana na mbwa waliovimba.

Cha ajabu ni kwamba mavyaa amekuwa mpole kwangu. Amenipa lozi! Mwanamke ambaye tangu nimzae Mabile hanitazami usoni, kwa kuwa alitaka mjukuu wa kiume na mimi nimemletea binti wa tatu. Juzi akaniuliza kwa sauti laini, "Mwanangu, eti baba yako husema nyinyi wa Roncey mna damu ya kwetu?" Nikamjibu ndiyo, Baba husema hivyo. Akasema, "Basi mwulize majina yote, tusije tukawasahau kwenye gombo." Nimefurahi mpaka nimelia, lakini siku hizi nalia hata maziwa yakimwagika. Tafadhali niandikie hayo majina.

Aubri hajambo, anakusalimu. Ni mume mwema. Tatizo lake ni moja tu: hajawahi kumwambia mama yake "hapana". Hapendi supu ya kabichi, ila mama yake akimpakulia anaila, mwaka wa ishirini na sita sasa, machozi yakimlengalenga.

Nitumie mbegu za shamari za tumbo la mtoto, soksi za sufu jozi mbili ndogo, na yule mwanasesere wetu wa zamani, hata kama hana kichwa.

Mdogo wako,
Hersende

*Roncey, Siku ya Mtakatifu Nikola, Desemba 1243*

Mdogo wangu,

Ukikaa miezi saba mingine kimya nitakuja nikuchape mbele ya hao watumishi kumi na wanne.

Ungejua ulichokifanya! Nilimsomea Baba barua yako akiwa zizini. Akavua kofia kama yuko kanisani. "Wameniuliza," akasema. "Perronelle, wameniuliza!" Miaka yote anasimulia na watu wanamchekea pembeni. Kule kinuni wanamwita Mtemi wa Ng'ombe Kumi. Basi siku hiyo alikwenda kinuni mara tatu, na hakuwa na hata punje ya kusaga.

Majina ni haya, umeyasikia tangu ukibembelezwa kwenye susu. Mtemi Eudes alimzaa Aremburge, bibi yake Baba. Aremburge akamzaa Babu Herloin, aliyepewa Roncey kwa kupigana vita. Herloin akamzaa Baba. Baba akatuzaa sisi. Ushahidi ni kile kijiko cha fedha chenye mwewe, alama ya Montauvert, kwenye mpini, ambacho Mtemi Eudes alimpa bintiye Aremburge. Baba amekisugua mpaka mwewe anakaribia kuruka. Kuna na kikombe cha chumvi chenye mwewe huyohuyo, lakini hicho Baba hapendi kukitaja, sijui kwa nini.

Hakuningoja mimi nikuandikie. Ametafuta padri, wameandika ukoo mzima, na barua inakwenda moja kwa moja kwa mavyaa wako na mchukuzi huyuhuyu. Amepiga mhuri kwa nta nyingi hivi kwamba leo tunakula gizani.

Shamari ipo. Soksi zipo, za kijani. Mwanasesere nimempa kichwa cha kitambaa, anafanana na shangazi yetu. Waambie watoto wasimwogope.

Perronelle

*Ngome ya Montauvert, juma la Epifania, Januari 1244*

Kwa Bwana Gautier wa Roncey, mkwe wangu mpendwa,

Nimepokea barua yako yenye nta. Moyo wangu umefurahi kuona kwamba damu ya Mtemi Eudes, babu mkuu wa mwanangu, inatembea pia katika mishipa yako. Ni aibu kwamba jambo kubwa namna hii limekuwa likisimuliwa kinuni tu.

Nakualika ngomeni kwetu Jumatatu inayofuata oktava, zile siku nane za Pasaka. Askofu atakuwepo na wageni wa heshima. Utasimama mbele ya wote, utataja ukoo wako kizazi kwa kizazi, nawe utaapa juu ya Injili kwamba ni kweli. Njoo na kijiko.

Utakaa meza ya juu, kulia kwangu.

Si lazima kumsumbua Hersende kwa habari hizi. Amechoka, maskini, na watoto ni wengi.

Ermengarde, mjane wa Mtemi Thibert

*Montauvert, Siku ya Kubariki Mishumaa, Februari 1244*

Dada,

Msomee Baba barua hii, na umsomee polepole.

Mavyaa hataki kututia kwenye gombo. Anataka kunitoa nyumbani.

Wiki iliyopita alikuja mwanasheria wa askofu. Baada ya chakula akaniomba nimpe mkono. Nikadhani anataka kuona pete. Akaanza kunigusa kwa kalamu kama fundi anayepima mbao. "Mtemi Eudes ndiye kichwa," akasema. "Mtoto wake ni bega. Mjukuu ni kiwiko. Kitukuu ni kifundo cha mkono. Anayefuata ni kifundo cha kidole. Kanisa linakataza ndugu kuoana mpaka hapo, kizazi cha nne. Upande wako bega ni Aremburge, kiwiko ni Herloin, kifundo cha mkono ni baba yako, na wewe, bibi, uko kwenye kifundo cha kidole. Mtemi Aubri naye, kwa Raoul, Josselin na baba yake Thibert, yuko hapohapo." Kisha akaniachia mkono na kuomba jibini.

Yaani Baba akiapa kwamba bibi yake alikuwa binti wa Eudes, mimi na Aubri ni ndugu, na ndoa yetu haikuwahi kuwa ndoa. Mavyaa ameshamtafutia mke kule Corvain. Mimi nitarudishwa Roncey. Watoto hawatarudi nami. Watabaki hapa, ni damu ya Montauvert. Nilimwuliza mavyaa waziwazi. Akasema, "Mwanangu, hizi si hesabu zangu. Za baba yako." Akanipa lozi tena. Nikazirudisha kwenye sahani moja moja mbele yake.

Aubri nilimwambia chumbani. Akanikumbatia, akasema atazungumza na mama yake. Akaenda. Akarudi. Alikuwa na supu kwenye ndevu.

Mzuie Baba. Sijui utafanyaje, lakini mzuie. Bila kiapo chake hawana shahidi mwingine. Sina nguvu za kukuandikia zaidi, Mabile ameamka, na hili ni jino la tatu.

Sihitaji kitu kingine chochote. Hicho tu.

Hersende

*Roncey, Jumatano ya Majivu, Februari 1244*

Mdogo wangu,

Nilimsomea. Mara mbili, polepole, kama ulivyosema. Akasema, "Askofu ni mtu aliyesoma. Hawezi kufanya jambo la kijinga hivyo."

"Baba, ndilo jambo wanalomwitia!"

"Mimi nimealikwa kwa heshima."

"Umealikwa kama kondoo anavyoalikwa Pasaka."

"Perronelle, unataka nisimame mbele ya Injili niseme uongo?"

Hilo sikuweza kumwomba. Maana mimi pia nimeamini habari za Aremburge tangu utotoni, na wewe pia. Nikamwambia basi asiende kabisa, aseme anaumwa. Akaniuliza kinuni atawaambia nini. Nikamwambia kinu na kiungue. Akatoka kwenda kukamua, na hakurudi mpaka mlo ulipoisha.

Hivi ndivyo mambo yalivyo. Amelitia joho lake rangi ya buluu yeye mwenyewe, ndani ya pipa la kusindikia jibini. Linanuka vyote viwili. Mimi nimeficha buti zake mahali ambapo hatazipata hata akiletewa mbwa wa kunusa. Hana nyingine. Hawezi kutembea siku nne miguu mitupu.

Usilie ovyo, utakausha maziwa.

Perronelle

*Roncey, tarehe sijui, padri amesahau, Kwaresima*

Mwanangu Hersende,

Padri anaandika, mimi nasema. Dada yako ameficha buti zangu kwenye pipa la shayiri na anadhani sijui. Nimeziacha zikae hukohuko apate kufurahi.

Ulipokuwa mdogo kila jioni ulitaka nikusimulie habari za Bibi Aremburge, hasa pale pa kijiko. Mimi nililelewa naye. Nililala naye kitanda kimoja mpaka nilipofika miaka tisa. Mikono yake ilikuwa na harufu ya manyoya. Sijawahi kukuambia hilo, nimelikumbuka sasa hivi.

Nitakuja. Mbele ya Injili nitasema kweli. Mimi si mtu wa kuapa uongo.

Wabusu watoto. Padri anasema karatasi inakwisha, na inaonekana ni

Baba yako

*Montauvert, Jumapili ya Matawi, Machi 1244*

Baba yangu mpenzi,

Barua yako iliniliza siku mbili, na sitakuficha kwamba nilikasirika pia. Sasa yafute yote niliyomwambia Dada. Njoo! Njoo na joho la buluu, na kijiko, na uape kwa sauti ya kusikika mpaka Corvain.

Sikiliza. Jana mapacha, Odile na Gisla, walikuwa wanasumbua, mvua inanyesha, nikawapeleka ukumbini tukahesabu watemi kwenye gombo. Niliwafundisha ile hesabu ya mkono maana ndiyo iliyonijaa kichwani. Gisla akaanza: Eudes kichwa, Raoul bega, Lambert kiwiko, Josselin kifundo cha mkono, Thibert kifundo cha kidole. Akafika kwa Aubri akasema, "Mama, Baba yuko kwenye ukucha." Nikamwambia amekosea. Odile akahesabu. Ukucha. Nikahesabu mimi, mara tatu, Mabile akiwa ananing'inia shingoni.

Lambert! Hayumo kwenye hesabu ya mwanasheria. Hayumo kwenye makaburi ya kanisani. Nikamwendea Ndugu Foulques, alikuwa anakoroga wino.

"Mtemi Lambert ni nani?"

Akaanza kukohoa. "Alikwenda vitani Nchi Takatifu, bibi."

"Akarudi?"

"La."

"Kaburi lake?"

"Hana, bibi."

"Alizaliwa lini?"

Maskini ni mtu mwaminifu. Akatazama wino wake. "Desemba, bibi. Jumanne. Bi Ermengarde alihesabu watemi wa Corvain ni watano, na wa hapa ni watano. Akaniambia niangalie vizuri, labda kuna mmoja nimemruka."

Gombo hilo limebarikiwa na askofu siku ya Krismasi, na watu wa Corvain wameliona kwa macho yao. Basi Baba, kama Lambert yupo, Aubri yuko kizazi cha tano, na mwanasheria mwenyewe ameniambia upande mmoja ukifika ukucha, ndoa ni halali. Nilimwuliza kama jambo la kujifunza tu. Akasifu akili yangu.

Kwa hiyo taja mababu zako wote kwa kiburi unavyotaka. Hutanidhuru. Utabaki na damu yako na mimi nitabaki na watoto wangu. Ila usimwambie mtu kabla ya siku yenyewe.

Binti yako,
Hersende

Mwambie Dada akupe buti.

*Roncey, Jumatatu ya Pasaka, Aprili 1244*

Hersende,

Barua yako kwa Baba imefika leo. Baba ameondoka juzi.

Ameondoka na viatu vyangu vya mbao! Nilikwenda ibadani, niliporudi hayupo, joho halipo, kijiko hakipo. Buti zimo kwenye shayiri palepale, na ndani ya moja ameweka yai, sijui ni zawadi au ni kejeli.

Yaani hajui habari za Lambert. Anakuja huko akidhani akisema kweli anakuvunjia nyumba, na bado amekuja. Sijui nimfikirie vipi baba yetu. Nimemlaani na kumwombea katika saa moja. Nimempa mchukuzi barua hii na jibini zima ili akimbie, lakini namfahamu, atalila kwanza.

Ukimwona kabla hajaapa, mvute sikio umwambie. Halafu niandikie. Usiniweke miezi saba.

Perronelle

*Montauvert, Siku ya Mtakatifu Marko, Aprili 1244*

Dada yangu,

Naandika upesi, wote watatu wamelala kwa wakati mmoja na sidhani itatokea tena mwaka huu.

Barua yako imefika jana, na mchukuzi ana mafuta ya jibini kidevuni. Sikumwona Baba kabla. Mavyaa alimpokea langoni mwenyewe, akamweka chumba cha juu, na mlangoni akaweka mlinzi "wa heshima". Nilimwona mara ya kwanza akiingia ukumbini, na watu wote walimwona. Alinyeshewa njiani, Dada. Joho lilichuja. Shingo yake ilikuwa ya buluu, mikono ya buluu, masikio na pua pia. Anatembea na viatu vyako kwenye sakafu ya mawe, ko, ko, ko, na kijiko amekishika kifuani kama mshumaa. Watu wa Corvain walianza kucheka. Mimi nilimshika Mabile kwa nguvu mpaka akaniuma na meno yake yote manne.

Mwanasheria akauliza, "Gautier wa Roncey, unaapa kwamba Aremburge, bibi yako, alikuwa binti wa Mtemi Eudes?"

Baba akaweka mkono juu ya Injili. Mimi hakunitazama. Alimtazama Gisla, aliyekuwa amekaa chini ya gombo anajihesabu mkono. Akasema:

"Aremburge alikuwa bibi yangu. Alinilea. Alichunga mabata bukini wa Mtemi Eudes miaka kumi na miwili, na baba yake alichunga nguruwe. Kijiko alikiiba."



Mavyaa akasimama. "Lakini barua yako! Na mhuri wako!"

"Barua niliandika kwa furaha, mama," Baba akasema. "Hapa naapa."

Dada, alijua siku zote. Miaka arobaini amemvika bibi yake taji, kisha akatembea siku nne na viatu vya mbao kuja kumvua mbele ya watu walewale aliotaka wamheshimu. Nikatamani kumkimbilia, rangi na yote.

Mavyaa hakukubali. Alisema Baba anadanganya ili amwokoe bintiye, kwamba damu ya Eudes inaonekana waziwazi kwenye pua yake. Ile pua, ya buluu! Hapo nikasimama. Nikasema, "Sawa, Mama. Tuseme ni damu yenu. Tuhesabu." Nikawaita mapacha. Wakahesabu kwenye gombo kwa sauti, kila mmoja na mkono wake, mbele ya askofu, na walipomfikia baba yao wakanyanyua kucha zao hewani.

Askofu akatoa jiwe lake la kukuzia maandishi, akamsogelea Lambert kwenye gombo na yule mbwa wake aliyevimba. Akaligeukia kundi la Corvain, akamgeukia mavyaa. "Bi Ermengarde," akasema taratibu, "huyu Mtemi Lambert, alikuwepo au hakuwepo?"

Bibi wa Corvain alikuwa ameshainama mbele kitini, mdomo wazi, anangoja. Ningemhurumia mavyaa kama nisingekuwa nimechoka. Alimtazama bibi wa Corvain, kisha akainua kidevu.

"Alikuwepo," akasema. "Na alikuwa hodari."

Askofu akafunga kitabu. Ndoa ni halali, kwa mabata bukini au kwa Lambert, mtu achague anachotaka.

Baadaye nilimwonyesha Baba nakala ya ile barua yangu ya Lambert, nikamsomea. Nilidhani atalia, kwamba angeweza kubaki na ukoo wake bila kunidhuru. Alicheka mpaka akalazimika kushika ukuta, na kwenye ukuta huo sasa kuna kiganja cha buluu. "Bora nimelitua zigo hilo," akasema. "Lilikuwa zito kuliko viatu vya dada yako." Sasa anawasimulia mapacha habari za mchunga mabata bukini aliyeiba kijiko cha mtemi, na ni nzuri kuliko ile ya zamani. Odile ametangaza kwamba hataolewa, atachunga mabata bukini. Gisla ataiba.

Na Aubri! Siku hiyo mezani mavyaa akampakulia supu ya kabichi. Aubri akalisukuma bakuli polepole mpaka katikati ya meza. "Hapana, Mama. Siipendi. Sijawahi kuipenda. Na mke wangu ni huyu." Nilimpa kipande changu cha kuku.

Mavyaa hasemi nami, lakini amefungua sanduku la vyombo na ameanza kuhesabu. Vijiko vya mwewe ni kumi na kimoja. Amedai cha kumi na mbili. Tatizo ni kwamba Mabile amekitia mdomoni tangu Jumatatu, kinampoza fizi, na ukikigusa anapiga yowe mpaka njiwa wanaruka mnarani. Mavyaa alijaribu jana. Leo amevaa kilemba cha kufunika masikio.

Baba atabaki hapa mpaka rangi itoke. Kwa hiyo nitumie:

Buti za Baba, ukung'ute shayiri kwanza.

Shati lake moja jeupe. Usimpe mchukuzi rangi yoyote ya kubeba.

Shamari zaidi, ile ya kwanza ilinisaidia sana.

Mabata bukini wawili wazima, jike na dume, kwa amri ya Mtemi Aubri, na watoto wamekwisha kuwapa majina Eudes na Lambert.

Mwanasesere mwingine mwenye kichwa kama cha shangazi. Nimeomba mwenyewe, wanampenda, wanampigania.

Na wewe mwenyewe, wiki mbili tu, ushike Mabile nilale.

Kile kikombe cha chumvi kiache hukohuko Roncey, ukifiche chini kabisa ya shayiri. Mavyaa bado hajafika kwenye vikombe.

Mdogo wako,
Hersende